Alimantasiyo Yenye Haikuuza Chumvi

Apana, haikufa. Nani alikuambia imekufa? We uliona na macho yako, ama uliambiwa? Kila siku mutu ananiletea maneno ileile: kisanduku ya umeme ya ordinateri, ile kompyuta, ukiitoa mu ordinateri yake, imekwisha, ni chuma ya kutupa. Unaichomeka, inanyamaza. Unaipiga kofi, inanyamaza. Basi imekufa. Kwenu mutu akinyamaza munamuzika?

Sisi walitaka kutuzikisha mutu juu amenyamaza. Ndiyo maana nikisikia maneno ile, damu inanipanda ku kichwa. Ikaa, nikuelezee. Ukitaka kucheka utacheka mwisho.

Ilikuwa Musaga, mutaa ya Buja, wakati ya vita, ile miaka yenye unaamuka unauliza kwanza barabara ya kusini iko wazi ama imefungwa, halafu ndiyo unasalimia watu. Nilikuwa naishi na bibi yangu na baba mudogo, mutoto wake wa mwisho. Ni yeye alinilea, baba mudogo. Alikuwa mushoferi wa minibisi, anapeleka watu kusini kando ya ziwa, anarudi nao. Na alikuwa na desturi moja: kabla ya safari anafungua radio ya gari, anaitoa na waya zake zote, anaiacha nyumbani. Juu ku bariyeri, pale wenye bunduki wanasimamisha magari, walikuwa wanang'oa radio za watu. Alikuwa anasema, "Mi wakinikamata, wanikamate. Lakini hawatacheza muziki na radio yangu." Anaiweka ku meza, anaifunga ku batri moja ya gari, nzee, yenye tuliiweka chini ya meza, na anamuambia bibi: "Mama, angalia batri, isikauke maji."

Kila safari. Bibi naye kila safari anajibu: "Enda, we mutoto wa radio."

Siku moja akaenda, hakurudi.

Gari waliikuta imeungua kando ya barabara. Abiria wengine walizikwa kulekule, wengine walikimbilia ku milima, wengine ku ziwa. Yeye hakuonekana. Hakuonekana kwa wafu, hakuonekana kwa wazima. Shika hiyo vizuri, juu ndiyo mambo yote ilitokea hapo.

Wakati ule, saa sita ya muchana, radio ilikuwa inasoma komunike. Fulani anajulisha familia yake ya kama yuko kambi fulani. Fulani anatafuta watoto wake wawili. Saa sita ikikaribia, bibi anaacha kila kitu, ata maharagwe ku moto, anaikaa chini ku mukeka mbele ya radio ya mutoto wake. Ukiongea anakupiga na mwiko. Mi nilipigwa na mwiko mingi, juu mudomo yangu haijui saa.

Halafu batri ikafa. Hiyo ndiyo ilikufa kweli, sibishani. Ilivimba tumbo, ikatoa maji ya kuunguza, ikatoboa mukeka. Na batri ya gari, wakati ule, haikuwa kitu ya kupata watu sawa sisi. Utaniambia, mungetafuta radio ndogo. Tulikuwa nayo. Waliiba wakati tulikimbia nyumba, pamoja na masufuria na mulango. Mulango! Jirani wetu, fundi wa kushona, alikuwa na radio, lakini mawe ya radio yake, zile batri ndogo, aliyatunza sawa mayai ya kuku, anayaweka ku jua asubui yapate nguvu, halafu anafungua kwa mupira tu. Nilimuomba atufungulie saa sita. Akaniambia, "Komunike zinanivunja moyo." Nikamujibu, "Timu yako haikuvunji?" Hatukusalimiana wiki nzima.

Hapo ndipo baba mukubwa akaingia. Huyu ni mutoto wa kwanza wa bibi, alikuwa anaishi upande wa Cibitoke, mutu wa shati ya kunyooshwa na pasi. Akakaa, akakunywa maji, akasema:

"Mama, tukae kilio."

Kwetu mutu akifariki, watu wanakuja kukaa nanyi. Wanaleta viti, wanaleta kuni, wanakaa nanyi siku kadhaa, halafu kunakuja siku ya kutoa kilio, na hapo mutu anakuwa ameenda kweli. Nguo zake zinagawiwa. Kitanda yake inapewa mutu. Nataka uelewe, hiyo si kitu ya kucheza nayo. Ukishatoa kilio, imeisha.

Bibi akamuuliza, "Nani ameona mwili?"

"Mama, gari iliungua."

"Nimekuuliza mwili, unaniambia gari. Radio imesema?"

"Radio yenyewe imekufa, mama."

Mi nilikuwa ku mulango nachambua mboga. Nikarusha sahani.

"Radio haikufa! Ni batri!"

"We musichana, nyamaza, watu wakubwa wanaongea."

"Sinyamazi! Yeye ndiye alinilea. We ulinilea? We unakujaka hapa na shati, unakunywa maji, unaenda!"

"Mama, unasikia mutoto huyu?"

"Nasikia," bibi akasema. "Sina ugonjwa wa masikio."

Baba mukubwa akasimama, akasema Jumamosi analeta viti. Mi, juu ya hasira, nikamuambia mbele ya kila mutu: kabla viti kushuka chini, radio ya baba mudogo itaongea. Alipoenda bibi akanivuta mukono. "Mutoto yangu, usiahidi kitu mbele ya mutu mwenye ameshatafuta viti." Lakini nilikuwa nimeahidi.

Kazi yangu ilikuwa mu Quartier Asiatique, mutaa ya maduka ya Wahindi, mu duka ya kuuza mashini za ofisi zilizotumika. Nafagia, nafungua makatoni, natoa vumbi. Shule niliacha mapema, vita haikuniuliza. Lakini macho sikuyaacha. Nyuma ya duka kulikuwa rundo ya ordinateri zenye hazifai tena, na ndani ya kila moja kuko kisanduku ya chuma, ina feni ndogo, na mukia mukubwa wa waya za rangi. Nilishaona ku kibandiko yake: 12V. Na batri ya gari ni nini? Ni volti kumi na mbili. Radio ya baba mudogo inakula nini? Kumi na mbili. Sasa niambie nani alihitaji kunifundisha hapo.

Patron, mwenye duka, alikuwa muzee wa Kihindi, alizaliwa Buja, Kiswahili yake ilikuwa inanishinda.

"Boss, nichukue kisanduku mbili pale nyuma?"

"Za nini?"

"Za radio."

"Radio gani inakula umeme ya ordinateri?"

"Ya bibi yangu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Chukua. Lakini usiniunguzie Musaga. Imeungua ya kutosha."

Sasa, kosa ya kwanza ilikuwa ya mudomo. Kile kisanduku, watu wa mashini wanaiita na Kifaransa alimantasiyo, juu inalisha ordinateri. Na kwetu, ku kila kona ya Buja, alimantasiyo ni nini? Ni duka! Duka ya sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kupika. Mi niko na furaha, nashuka ku minibisi, naingia mu kijia yetu nakimbia na mufuko ku kichwa, napiga kelele:

"Bibi! Nimepata alimantasiyo! Nimepata alimantasiyo!"

Sijakunywa maji, lupango, uwanja ya nyumba zetu, imejaa watu.

"Yoo! Mungu hasinzii! Iko wapi? Ku barabara?"

"Nilisema mimi, mutoto huyu ana mudomo ya biashara!"

"Utauza ata chumvi? Mi unanijua, tutasikilizana."

Nikafungua mufuko, nikaweka vile visanduku viwili ku mukeka, na vumbi yake. Fundi wa kushona akainama, akaangalia mu feni.

"Hii ndiyo duka?"

"Ni ndogo," nikamujibu. "We na tumbo yako hautaingia."

Bibi akacheka. Alicheka mupaka akashika ukuta. Tangu mutoto wake apotee, nilikuwa sijaona meno yake.

Kosa ya pili ilikuwa yangu, na sauti yake ilisikika mbali. Nyuma ya kisanduku kuko kifungo ndogo nyekundu ya kuvuta. Upande moja imeandikwa 115, upande ingine 230. Ile ya kwanza ilikuwa imewekwa ku 115, na umeme yetu ni ya 230. Sikuangalia. Nikachomeka.

PAA!

Unajua mutu wa Musaga wa wakati ule akisikia paa anafanya nini? Haulizi. Tumbo yake iko chini kabla kichwa ijue. Lupango nzima ikalala. Fundi chini ya mashini yake. Mama jirani chini, na beseni ya nguo juu yake, maji inamushuka ku shingo. Halafu ikaanza kunuka, na moshi ikatoka ku dirisha yetu.

"Ni nini hiyo?" fundi akauliza, bado yuko chini.

"Ni alimantasiyo yangu," nikasema. "Imepasuka."

"Waasi hawajafika, huyu mutoto amefika!" mama jirani akapiga kelele chini ya beseni. "Mutoeni hapa! Atatumaliza na duka yake!"

Kutoka hapo jina yangu ikawa Alimantasiyo. Mupaka leo kuna watu Musaga wananiita hivyo.

Ikabaki kisanduku moja, na Jumamosi ilikuwa mulangoni. Nikavuta kifungo ku 230, nikaangalia mara mbili, nikamuita bibi aangalie naye, ata kama hasomi. Nikachomeka. Sasa haikupiga kelele. Haikufanya kitu. Feni imesimama, radio imenyamaza, kimya ya kaburi.

"Imekufa nayo," fundi akasema, amesimama mbali, mukono moja ku ukuta, tayari kulala. "Alimantasiyo bila ordinateri ni sawa kichwa bila shingo."

"Nani amekuuliza? Enda ukasikilize mupira!"

Lakini ndani ya moyo nilikuwa naungua. Nikaikaa chini na ile kisanduku, nikaigeuza. Ku kibandiko kulikuwa na jedwali ya rangi na maneno ya Kiingereza. Kiingereza sikuijua, na sasa bado tunatafutana. Lakini ON niliijua, juu iko ku radio zote za dunia: ON inawaka, OFF inazima. Na ile ON iliandikwa mbele ya rangi moja tu, na mu mukia wa waya nilitafuta waya moja yenye iko peke yake. Nyeusi zilikuwa nyingi, nyekundu nyingi, manjano nyingi. Kijani ilikuwa moja.

Hapo nikakumbuka kitu. Ile kadi kubwa ndani ya ordinateri, yenye kila kitu inachomekwa juu yake, ku duka walikuwa wanaiita kwa Kifaransa kadi mama. Nikaelewa mara moja. Hii kisanduku haikufa. Ina umeme tele. Imekaa tu na mikono yake mu mapaja, inangoja mama aite, na waya ya kijani ndiyo sikio yake.

Nikamuelezea bibi hivyo hivyo.

"Na mama yake iko wapi?" bibi akauliza.

"Tumeiacha Asiatique, mu rundo."

"Basi iite we."

Akatoa pini ku nywele zake, akanipa. Nikaikunja, nikaingiza upande moja ku kijani, upande ingine ku nyeusi ya jirani yake. Vuuu! Feni ikazunguka. Bibi akarudi nyuma, mukono ku mudomo.

"Inapumua!"

Nikafunga radio: manjano ku waya ya kuingiza umeme, nyeusi ku nyeusi. Taa ya radio ikawaka, ikakohoa, ikasema maneno mbili, ikazimika. Feni ikasimama. Nachomoa, nangoja, narudilia. Inasema maneno mbili, inazimika. Sasa hiyo ndiyo hasira ya kweli. Kitu ikikataa kabisa unaelewa. Ikikubali halafu ikatae, unataka kuitupa mu shimo.

Nililala na hiyo ku kichwa, nikaamuka nayo, na ilikuwa Jumamosi. Bibi alikuwa anafagia lupango. Nikasikia pikapu inapanda kijia yetu na viti inagongana nyuma. Na ni pale, nasikia vile viti, nilijiuliza: hii kisanduku kwao ilikuwa inaishi vipi? Ilikuwa inabeba ordinateri nzima. Hapa nimeipa radio moja. Mutu mwenye amezoea kubeba gunia, ukimupa yai ku kichwa anapepesuka. Haikuwa na uchovu, haikuwa na muzigo!

Baba mudogo alikuwa anaweka mu sanduku yake taa za gari za akiba, zile za nyuma zenye zinawaka ukikanyaga breki. Nikakimbia, nikachukua moja, nikaifunga ku waya nyekundu na nyeusi. Nyekundu ni volti tano, kwa hiyo haikuwaka sana, iliwaka sawa kaa ya moto. Lakini ilibeba. Pini ku kijani, vuuu, na radio ikaongea. Ikaongea, ikaendelea kuongea. Ilikuwa tangazo ya sabuni. Sijawahi kupenda sabuni vile.

Nje, viti vya kwanza vilikuwa vinashuka. Baba mukubwa akaingia na shati yake, nyuma yake wamama na vitenge vimefungwa kiunoni. Akasikia sauti ya sabuni mu nyumba ya kilio, akasimama.

"Ni nini hii?"

"Ni radio ya ndugu yako mudogo," bibi akamuambia. "Ikaa. Saa sita imefika."

Komunike zikaanza. Lupango yote ilisikiliza imesimama, kiti ku mukono. Zikasomwa, zikasomwa, zikaisha. Jina yake haikutoka. Mi nilikuwa nashika ile pini sawa nashika roho ya mutu.

"Umesikia, mama," baba mukubwa akasema polepole. Na sikatai, sauti yake haikuwa mubaya. Naye ilikuwa ndugu yake.

"Nimesikia," bibi akajibu. "Hawakusema amekufa. Viti rudisha."

"Mama!"

"Rudisha. Nitakaa kilio siku radio itasema, ama siku utaniletea mwili. Kama huna radio na huna mwili, unaniletea nini? Viti?"

Alirudisha. Lakini mama jirani, yule wa beseni, akakatalia ku kiti moja, hakuachilia. Kumbe naye alikuwa na kaka hajulikani aliko, na hakuwahi kusema. Kesho yake saa sita akarudi na kiti yake. Halafu mutu mwingine, halafu mwingine. Wakawa wanapita ku mulango wanauliza:

"Alimantasiyo iko wazi?"

"Iko wazi, ingia. Chumvi hakuna!"

Umeme ikikatika tulikuwa tunaikaa tu, tunaangalia ile taa nyekundu yenye imezimika. Ikirudi, naingiza pini. Na mu hizo siku watoto walitaka kufungua kisanduku waone ndani, nikawapiga na mwiko ya bibi: ndani kuko vitu inaweka umeme ata umeshachomoa, inaweza kukutupa ku ukuta. Ata fundi wa kushona akaanza kuja. Na baba mukubwa? Alikuwa "anapita tu." Kutoka Cibitoke mupaka Musaga, saa sita kamili, anapita tu. Anasimama ku mulango, haikai.

Halafu siku moja, katikati ya komunike zingine, yule musomaji akasoma, na sauti yake ya kila siku: mushoferi mumoja wa Musaga, yuko ku hospitali ng'ambo ya ziwa, anajulisha mama yake ya kama yuko muzima, amevunjika muguu. Na anamuomba aangalie batri, isikauke maji.

Bibi alipiga mukeka na mukono, mara moja, mara mbili.

"Batri ilikufa zamani," akaiambia radio. "We mutoto wa radio!"

Ndiyo watu wakapasuka. Mama jirani akaniangukia ku shingo, nikaachilia pini, radio ikazimika, hakuna mwenye aliona. Baba mukubwa ku mulango akatoa kofia, akapangusa uso, akasema:

"Nilijua."

Ulijua! Nikaruka. "Ulijua nini? Na viti ulileta ilikuwa ya harusi?" Bibi akaninyamazisha na mwiko, lakini pole. Nilikuwa sijamaliza. Mupaka leo sijamaliza.

Mutaniambia ni bahati. Mutaniambia habari ingefika tu, kwa mutu mwingine, siku ingine. Pengine. Ingefika ikute nguo zake zimegawiwa, mutu amelala ku kitanda yake, mama yake ametoa kilio na mutoto bado anapumua. Alirudi na fimbo, anachechemea, amekonda. Akasalimia mama yake, akaingia mu nyumba, akaangalia chini ya meza, na neno ya kwanza aliniambia mi mwenye nilimupigania, ilikuwa: "Taa yangu ya breki nani amechukua?"

Sasa we, na kitu yako yenye unasema imekufa: uliiita, ama ulikimbilia kuleta viti?